Akiba ya Kompyuta Huoza: Namna ya Kutunza Nakala za Kumbukumbu za Chama

Katika miaka ya karibuni vyama vingi vya msingi vimeanza kuandika hesabu zao kwa kompyuta. Daftari la wanachama, leja ya hisa na akiba, orodha ya kilo zilizopokewa ghalani, hesabu ya mikopo ya pembejeo, na hata mihtasari ya vikao, vyote sasa vimo ndani ya mashine moja iliyo juu ya meza ya Katibu. Mahali pengine mashine hiyo ni mali ya chama. Pengine ni ya Katibu mwenyewe, nayo hulala nyumbani kwake, ambako watoto huitumia kwa masomo na kwa michezo. Hatulaumu jambo hilo. Kompyuta imepunguza makosa ya kujumlisha na imefupisha kazi ya kufunga hesabu za mwaka. Lakini imeleta hatari ambayo daftari halikuwa nayo: kumbukumbu za miaka kumi zaweza kutoweka kwa dakika moja, bila moshi na bila kishindo.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo ni nani anayepata hasara. Kompyuta ikifa hununuliwa nyingine. Kisichonunulika ni ushahidi kwamba mwanachama fulani alileta kilo 412 za kahawa, akalipwa malipo ya awali, na bado anadai malipo ya pili. Chama kinapopokea fedha za malipo ya pili huzigawa kwa kufuata kilo za kila mtu. Orodha ikipotea, fedha zipo lakini mgawo haupo. Na hapo ndipo ugomvi huzaliwa, stakabadhi za kugushi huletwa, na wanachama wanyonge ambao hawakutunza stakabadhi zao hupoteza haki. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao. Ni jambo la ushirika.

NAKALA YA AKIBA NI NINI

Nakala ya akiba, ambayo mafundi huiita bekapu, ni nakala ya pili ya kumbukumbu, iliyowekwa mbali na ile ya kwanza, na ambayo imethibitishwa kwamba yaweza kurudisha kazi pale ya kwanza inapopotea. Mambo matatu katika maelezo hayo yana uzito: kuwa ya pili, kuwa mbali, na kuthibitishwa. Likikosekana moja, hakuna nakala ya akiba.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni hili. Kompyuta hujaa, Katibu hununua diski ya nje, yaani ile inayochomekwa kwa waya, kisha huhamishia humo kumbukumbu za misimu ya zamani na kuzifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi. Akiulizwa nakala iko wapi, huonyesha diski hiyo. Lakini kumbukumbu zile bado zipo mahali pamoja tu. Zimehama nyumba, hazikuzaa. Diski hiyo ya nje nayo inahitaji nakala yake, sawasawa na kompyuta, na pengine zaidi, maana diski ndogo huanguka, huibiwa na huazimwa kwa urahisi kuliko kompyuta.

KWA NINI DISKI HUFA

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokaushwa vema na kwa fedha zilizo katika chama madhubuti, maneno hayo ni ya kweli. Akiba ya kompyuta, hata hivyo, huoza isipoangaliwa, na kila aina ya diski ina uozo wake.

Diski ya kawaida ina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila kisahani huelea kichwa kidogo cha kusomea, ambacho hakigusi kisahani bali hukaa mbali nacho kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Diski ikiangushwa au kutikiswa wakati inazunguka, kichwa hicho chaweza kukwaruza kisahani, na kilichoandikwa pale hakisomeki tena. Dalili za diski inayokaribia kufa ni mlio wa kugonga-gonga, mwendo wa kusuasua, na mafaili yanayokataa kufunguka. Ukiona dalili hizo, nakili kwanza yaliyo muhimu, kisha ndipo umwite fundi.

Flashi, pamoja na diski za kisasa zisizozunguka, hazina visahani. Huhifadhi maandishi kwa chaji ndogo za umeme. Hizi hazidhuriki sana kwa kuanguka, lakini zaweza kufa ghafla bila dalili yoyote. Tena zikiachwa miaka mingi bila kutiwa umeme, hasa mahali penye joto, chaji zake hupungua na maandishi huharibika. Juu ya hayo, masokoni kuna flashi za bandia, zilizoandikwa kwamba zina nafasi kubwa ilhali zina sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Flashi ya namna hiyo hupokea mafaili yote, huonyesha majina yake yote, lakini ukitaka kuyafungua hukuta ni matupu.

Diski bora nazo hufa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu za watu na kutangaza hesabu za diski zake, ilieleza kwamba katika mwaka 2023 diski zake, zaidi ya 250,000, ziliharibika kwa kiasi cha 1.7 kwa kila 100 kwa mwaka. Nazo ni diski zinazokaa katika vyumba vyenye ubaridi na umeme usiokatika. Diski ya chama chetu hukaa katika vumbi la ghala, hukatikiwa umeme katikati ya kazi, na husafiri kwenye pikipiki. Haifai tuitarajie ifanye vizuri kuliko zile.

MAADUI WENGINE

Kufa kwa diski ni adui mmoja tu. Wa pili ni mkono wa mtu: jedwali lililofutwa kwa makosa, au orodha ya mwaka huu iliyohifadhiwa kwa jina la orodha ya mwaka jana na kuifunika. Wa tatu ni mwizi, ambaye akiingia huchukua kompyuta pamoja na diski ya nje iliyo kando yake. Wa nne ni moto na mafuriko.

Wa tano ni programu haribifu zinazodai fidia. Programu ya namna hii ikiingia, aghalabu kwa kufungua barua ya intaneti yenye kiambatisho kisichojulikana au kwa kutumia kompyuta ambayo haijasahihishwa kasoro zake, hufunga mafaili yote kwa siri na kudai fedha ili iyafungue. Tarehe 12 Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilienea kwa saa chache ulimwenguni, katika nchi zipatazo 150, na hospitali kadhaa za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba programu za aina hii hufunga pia kila diski zinayoikuta imechomekwa. Kwa hiyo diski ya nje inayokaa imechomekwa usiku na mchana haiwezi kuitwa kinga. Ichomekwe wakati wa kunakili, kisha itolewe kwa utaratibu unaotakiwa na kompyuta, na kuwekwa mahali pake.

KANUNI YA TATU, MBILI, MOJA

Ipo kanuni fupi ambayo Katibu yeyote aweza kuikumbuka. Ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, katika mafundisho yake juu ya utunzaji wa picha za kompyuta, nayo imekubaliwa na mafundi wengi. Husema hivi: kumbukumbu ziwe na nakala tatu, ikihesabiwa na ile ya kazi, ziwe katika vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja iwe mbali na jengo.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo haipuuzwi na vyama vidogo peke yake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, lililokuwa limejaa kompyuta zinazohifadhi kazi za wateja. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia nakala za akiba, lakini nakala hizo zilikuwa katika eneo lile lile la moto. Wakapoteza kazi na nakala kwa pamoja.

Kinyume chake, mwaka 1998 studio ya filamu ya Pixar, huko Marekani, iliokolewa na nakala iliyokuwa mbali. Walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2, na kwa amri moja iliyoandikwa mahali pasipostahili mafaili ya filamu yakaanza kufutika. Walipoziendea nakala za akiba waligundua kwamba hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa ametambua hivyo. Lakini Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, alikuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, na katika kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwamo nakala ya filamu. Kutokana na kompyuta hiyo sehemu kubwa ya kazi ikarudi. Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, nakala iliyo katika nyumba nyingine ina thamani kuliko nakala tano zilizo chumba kimoja. Pili, kampuni kubwa yenye mafundi hodari ilikuwa na nakala za akiba ambazo hakuna aliyezijaribu.

ZAMU YA MWANA, BABA NA BABU

Mafundi wa zamani, waliotumia kanda za sumaku, walikuwa na utaratibu wa zamu walioupa majina ya ukoo, na hadi leo haujapata mpinzani kwa urahisi wake. Chama cha msingi chaweza kuufuata kwa diski nne tu, kila moja ikiwa na jina lililoandikwa kwa wino usiofutika.

(a) MWANA. Hii hunakiliwa kila siku ya kazi, jioni, kabla ya kufunga ofisi. Hukaa ofisini ndani ya kasha la fedha, si juu ya kompyuta.

(b) BABA WA KWANZA na BABA WA PILI. Hizi hunakiliwa kila Ijumaa kwa kupokezana, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine. Iliyonakiliwa huenda kukaa mbali na ofisi, kwa Mwenyekiti au kwa mjumbe mwingine aliyeteuliwa na Bodi, na ile ya wiki iliyopita hurudi. Hivyo hakuna hata siku moja ambapo diski zote ziko chini ya paa moja.

(c) BABU. Hii hunakiliwa mwisho wa kila mwezi, bila kufuta ya miezi iliyotangulia, na hukaa Chama Kikuu au benki. Nakala ya kufunga mwaka ihifadhiwe humo daima.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini zisitoshe nakala za siku ile ile? Ni kwa sababu makosa mengine hayagunduliwi siku hiyo hiyo. Jedwali lililoharibika mwezi Machi laweza kuonekana mwezi Juni, wakati Mkaguzi amefika. Kwa muda huo MWANA na BABA zimekwisha kunakili uharibifu ule ule. BABU peke yake ndiye anayekumbuka hali ya Februari.

Ikiwa chama hakina uwezo wa diski nne, kianze na mbili zinazopokezana. Kuhusu siku za kunakili, Bodi ijiulize swali moja: tuko tayari kuandika upya kazi ya siku ngapi? Wakati wa msimu, ambapo wakulima mia hupita mizanini kwa siku, hata kazi ya siku moja ni nyingi. Nje ya msimu, wiki moja yaweza kuvumilika.

Gharama si kisingizio. Majedwali ya chama kidogo ni mepesi. Flashi ya gigabaiti 32 yaweza kuchukua majedwali zaidi ya 30,000 yenye uzito wa megabaiti moja kila moja. Penye picha na vielelezo vilivyopigwa chapa ya kompyuta, diski ya terabaiti moja itatosha kwa miaka mingi.

DISKI ZA NJE ZISISAHAULIKE

Kompyuta nyingi huja na programu ya kujinakili yenyewe. Zile za Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, zina File History. Zile za Apple, tangu mwaka 2007, zina Time Machine, ambayo hutunza nakala za kila saa kwa siku moja iliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa muda wa nyuma zaidi. Programu hizi ni msaada mkubwa, nazo zitumiwe. Lakini Katibu asidhani kwamba zinanakili kila kitu. Kwa kawaida hunakili kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe, na huacha diski za nje mpaka mwenye kompyuta azitaje. Chama chenye kumbukumbu za misimu ya zamani katika diski ya nje chaweza kukaa miaka mitatu kikiamini kwamba zimenakiliwa, kumbe hazikuguswa.

Kwa hiyo iandikwe orodha ya vyombo vyote vyenye kumbukumbu za chama: kompyuta ya ofisi, kompyuta ya nyumbani kwa Katibu, kila diski ya nje, kila flashi, na simu iliyotumika kupiga picha za stakabadhi. Mbele ya kila chombo iandikwe nakala yake iko wapi. Penye nafasi tupu ndipo kazi ianzie.

HIFADHI YA INTANETI

Vyama vyenye intaneti ya kuaminika vyaweza kuweka nakala moja katika hifadhi ya mbali, ambayo wengine huiita wingu. Faida yake ni kwamba iko mbali na jengo bila mtu kubeba kitu. Upungufu wake ni huu: nyingi kati ya hifadhi hizi hulinganisha tu folda ya kompyuta na folda ya mbali. Ukifuta jedwali hapa, linafutwa na kule; likiharibika hapa, linaharibika na kule. Huduma kadhaa hutunza matoleo ya nyuma, lakini kwa muda wenye mpaka. Basi hifadhi ya intaneti ihesabiwe kuwa nakala moja kati ya tatu, isiwe badala ya zote. Hali kadhalika, chama kinachotuma taarifa zake kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo wa MUVU kisidhani kwamba majedwali yake ya kazi ya kila siku yamehifadhiwa huko. Kilichotumwa ni taarifa. Majedwali bado ni jukumu la chama.

KUJARIBU KUREJESHA

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Mara moja kila miezi mitatu, mbele ya mjumbe mmoja wa Bodi, ifanyike hivi:

1. Ichukuliwe diski ya akiba, na ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, si ile ya kazi.

2. Mafaili yanakiliwe kutoka humo na kufunguliwa. Kuyaona majina yake hakutoshi.

3. Yaangaliwe mambo matatu: jumla ya hisa, urari wa mwezi wa mwisho, na kadi ya mwanachama mmoja aliyechaguliwa bila kutangazwa. Yote yalinganishwe na karatasi zilizochapwa na kutiwa saini.

4. Matokeo yaandikwe katika Daftari la Nakala, pamoja na tarehe, jina la diski na saini mbili.

Ili kazi hiyo iwezekane, urari wa kila mwezi na orodha ya salio la kila mwanachama vichapwe katika karatasi na kutiwa saini. Karatasi nayo ni nakala ya akiba. Haishambuliwi na virusi wala haihitaji umeme.

SIRI ZA WANACHAMA

Diski ya akiba hubeba majina, namba za simu na madeni ya watu. Ikipotea njiani, siri za wanachama zimepotea pamoja nayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na chama kinachotunza taarifa za watu hakina budi kuzilinda. Diski inayotoka nje ya ofisi ifungwe kwa neno la siri. Lakini neno hilo lisijulikane na Katibu peke yake. Liandikwe, litiwe katika bahasha, lifungwe kwa lakiri, na liwekwe katika kasha lisilo pamoja na diski. Katibu aweza kuugua, kuhama au kufariki, na chama lazima kiendelee. Diski iliyofungwa kwa neno lisilojulikana na mtu ni sawa na diski iliyoungua.

Ikiwa kompyuta ni ya Katibu mwenyewe, mafaili ya chama yawe katika folda yake peke yake, yasichanganywe na picha za jamaa na michezo ya watoto. Na ieleweke kwa maandishi kwamba mashine ni ya Katibu, ila kumbukumbu ni mali ya chama, naye atazikabidhi siku atakapotoka katika kazi hiyo.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Katibu ana wajibu wa kunakili na kuandika katika Daftari la Nakala. Bodi ina wajibu wa kutenga fedha za diski katika makisio ya mwaka, kuteua mjumbe wa kutunza diski iliyo nje, na kushuhudia majaribio. Wanachama nao wana wajibu, tena ulio mwepesi: katika Mkutano Mkuu, baada ya hesabu kusomwa, mmoja asimame na kuuliza ni lini nakala za kumbukumbu zilirejeshwa kwa majaribio, na ni nani aliyeshuhudia. Jibu liwe na tarehe na majina. Jibu la kwamba "zipo" lisikubaliwe.

Tunapendekeza jambo hili liwe katika ajenda ya kikao kijacho cha Bodi ya kila chama, na kwamba kabla ya kikao hicho Katibu awe amekwisha kuandika ile orodha ya vyombo na nakala zake. Kazi yenyewe haizidi robo saa kwa siku. Mababa zetu waliounda vyama hivi walitunza madaftari yao kwa uangalifu mkubwa, wakijua kwamba mkulima asiyejua kusoma aliwaamini wao na kalamu yao. Kalamu imebadilika, imani ya mkulima ni ile ile.